Kambi Muru: Ahadi ya askari waliovuka ziwa

Ukitaka kufika Kambi Muru, shuka kwenye matatu pale Makina, Kibera. Wapite wauza mitumba, kisha ufuate kichochoro kinachoteremka taratibu. Usiogope kuuliza njia. Mwenyeji atakuelekeza kwa kidevu tu huku mikono yake ikiendelea na kazi. Huyu anasukuma chapati, yule anashona kiatu, na mwingine anasukuma mkokoteni uliojaa mitungi ya maji.

Wakazi wengi wa Nairobi wakisikia jina Kibera huona mabati yaliyobanana, tope na kelele za siasa. Hayo yapo, wala hakuna haja ya kuyaficha. Lakini Kambi Muru ni miongoni mwa vijiji vya tangu zamani. Hapa na pale bado kuna nyumba za Wanubi zenye kuta nene za udongo na ua uliozungushiwa vyumba. Ukibisha hodi na kukaribishwa, huenda ukawakuta akina mama wamekaa mkekani wakisuka kawa za kufunikia chakula, zenye rangi nyekundu, kijani na zambarau.

Nilifika huko Jumamosi moja nikifuatilia jambo ambalo huenda msomaji akaliona haliingii akilini. Nilikuwa nikitafuta habari za vita vya majini.

Naam, vita vya majini. Kambi Muru haina bahari wala ziwa. Maji yaliyo karibu ni bwawa la Nairobi, kule chini, nalo limesongwa na magugu. Kitu pekee kilichotoka ziwani siku hiyo kilikuwa samaki wa kukaangwa, waliopangwa juu ya meza ya mama mmoja kando ya njia.

Mzee aliyenipokea alinunua wawili, akanikaribisha uani kwake, na tulipokwisha kunawa mikono akasema, "Mwanangu, babu yangu hakujua kuogelea. Hata mto aliuogopa. Lakini alikwenda vitani kwa meli."

Kambi si jina la urembo

Kwanza tulitazame jina. Kambi ni kambi kweli, ya askari. Muru ni Moru, kabila la Sudan Kusini ya leo. Jirani zake waliitwa Kambi Lendu na Kambi Aluru, kwa majina ya makabila mengine ya pande hizo. Na Kibera yenyewe ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu.

Askari hao walitoka mbali. Wengi wa wazee wao walikuwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudan. Vita vya Mahdi vilipoziba njia ya kurudi kaskazini, walibaki bila serikali. Mwaka 1891, Kapteni Lugard aliwakuta kando ya Ziwa Albert na kuwaandika katika utumishi wa Waingereza. Jeshi la King's African Rifles, yaani KAR, lilipoundwa mwaka 1902, Wasudani hao walikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Walipomaliza utumishi, hawakuwa na kwao pa kurudi. Wakawekwa hapa msituni, na mwaka 1912 eneo hili likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Lilipopimwa miaka michache baadaye, lilikuwa na ekari 4,197. Askari aliyetumikia miaka 12 alipewa karatasi ya ruhusa ya kujenga na kulima, iliyojulikana kama pasi ya shamba.

Tafadhali, msomaji, ikumbuke karatasi hiyo. Tutairudia.

Meli katika vipande

Sasa, askari wa msituni aliingiaje melini?

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Baada ya hapo, meli za mvuke zilizotengenezwa Uingereza ziliweza kuletwa zikiwa vipande vipande, zikashushwa Kisumu na kuunganishwa ukingoni mwa ziwa, ribiti baada ya ribiti. Ndivyo zilivyoingia majini Winifred na Sybil mwanzoni mwa miaka ya 1900. Zilijengwa kubeba abiria, pamba, ngozi na barua. Hakuna aliyezitengeneza kwa ajili ya vita.

Wanafunzi wanaosoma historia ya Marekani watakuwa wamekutana na kisa kama hiki. Mwaka 1776, makoloni 13 yalipojitangazia uhuru, Waingereza walitaka kushuka kutoka Kanada na kulikata taifa hilo changa vipande viwili. Njia yao ilikuwa Ziwa Champlain, kwa sababu misitu ilikuwa minene na barabara hakuna. Lakini kati ya ziwa hilo na bahari kulikuwa na maporomoko ambayo meli kubwa haikuweza kuyapanda. Wakaifungua meli yao Inflexible vipande vipande, wakavipitisha nchi kavu, na kuiunganisha upya kwa siku 28.

Upande wa pili, Benedict Arnold aliwakusanya maseremala na kujenga vyombo kwa mbao mbichi za msituni. Mnamo Oktoba 11, 1776, pande hizo mbili zilipigana karibu na kisiwa cha Valcour. Arnold alishindwa, na katika siku chache alipoteza karibu vyombo vyake vyote. Lakini muda Waingereza walioutumia kuunganisha meli ulikuwa umekwisha kuwaponza. Baridi kali ilikaribia, wakarudi Kanada. Mwaka uliofuata Wamarekani walikuwa tayari, wakashinda huko Saratoga, na Ufaransa ikaingia vitani upande wao mwaka 1778.

Na manowari za Ufaransa ndizo zilizokata shauri. Mnamo Septemba 5, 1781, kikosi cha de Grasse kilizifukuza meli za Waingereza kwenye lango la ghuba ya Chesapeake. Jeshi la Uingereza lililokuwa limezingirwa Yorktown likakosa chakula, risasi na njia ya kutorokea. Likasalimu amri Oktoba 19. George Washington mwenyewe alijua tangu awali kwamba bila nguvu majini hangefika mbali.

Ziwa Victoria, 1915

Turudi kwetu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, Ziwa Victoria lilikuwa limegawanywa, kaskazini Waingereza na kusini Wajerumani. Waingereza walikuwa na meli kadhaa. Wajerumani walitegemea hasa Muansa, tagi waliyoifunga mzinga mdogo. Meli zile za pamba na barua nazo zikafungwa mizinga na kugeuka manowari.

Havikuwa vita vya mbwembwe. Novemba 1914 Sybil ilikwama kwenye miamba upande wa Wajerumani, na ilichukua miezi mingi kuiokoa. Machi 1915 Winifred iliikimbiza Muansa hadi ikakwama ufukoni. Kuanzia hapo Waingereza walikuwa na uhuru wa kubeba majeshi popote ziwani.

Waliutumia mwezi wa Juni 1915. Meli zilijazwa askari zaidi ya 1,500 huko Kisumu, Wazungu, Wahindi na Waafrika wa KAR. Wakavuka zaidi ya kilomita 300 hadi Bukoba, kwenda kuangamiza mtambo wa Wajerumani wa simu ya upepo. Walitua ufukoni Juni 22, wakapigana siku mbili katika migomba na vilima, wakaubomoa mtambo, na mji ukaporwa. Kisha wakapanda tena meli na kuondoka.

"Babu alikuwa akisimulia kutapika tu," mzee aliniambia, akacheka. "Mambo ya risasi hakuyataja sana. Alisema meli ilikuwa imejaa, usiku hakuna taa, na kila mtu amemshika mwenzake. Sisi watoto tulidhani ni hadithi ya sungura na fisi."

Katika vitabu, safari ile hukumbukwa kwa majina ya majenerali na kwa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyekuwemo akiwa na umri wa miaka 63. Askari waliotoka kambi kama hii huandikwa kwa idadi tu.

Daftari la New York

Hapo ndipo nilipokumbuka sehemu nyingine ya vita vya Marekani, ambayo haisimuliwi mara nyingi.

Novemba 1775, Lord Dunmore, gavana wa Virginia aliyekuwa amekimbilia melini, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme watapata uhuru. Maelfu walitoroka. Wengine walipiga makasia usiku kuzifikia meli za Waingereza. Miongoni mwao alikuwemo Harry, mzaliwa wa Afrika Magharibi, aliyetoroka mwaka 1776 kutoka shamba la bwana wake. Bwana huyo alikuwa George Washington, jemadari wa waliokuwa wakipigania uhuru!

Vita vilipokwisha mwaka 1783, Wamarekani walidai watumwa wao warudishwe. Kamanda wa Waingereza mjini New York alikataa. Alikuwa Guy Carleton, yuleyule aliyeongoza meli za Ziwa Champlain. Alisema ahadi ya mfalme haivunjwi. Akaagiza liandikwe daftari, meli kwa meli, lenye jina la kila mtu, umri wake na sura yake. Watu wapatao 3,000 wakaandikwa, na Harry Washington alikuwemo. Wengi wao walipelekwa Nova Scotia, Kanada, wakiwa na karatasi za uhuru mkononi na ahadi ya kupewa ardhi.

Uhuru waliupata. Ardhi ilikuwa neno jingine. Wengi walingoja miaka bila kupewa chochote. Waliobahatika walipewa vipande vidogo vyenye mawe na baridi. Thomas Peters, aliyekuwa sajenti, alivuka bahari hadi London kulalamika. Mwaka 1792 meli 15 ziliondoka Halifax na watu karibu 1,200 waliokata tamaa, wakaenda kuanza upya Freetown, Sierra Leone. Huko nako walitakiwa kulipa kodi kwa ardhi waliyoambiwa kuwa ni yao. Mwaka 1800 baadhi yao waliasi, na Harry Washington akawa mmoja wa waliofukuzwa.

Karatasi

Nilimsimulia mzee kisa hicho. Alinyamaza kidogo, akaondoa mwiba wa samaki kinywani, kisha akauliza swali moja: "Na wajukuu wao walipata karatasi?"

Kwa hapa kwetu, jibu lina safari ndefu. Mwaka 1928 Kibera ilitolewa mikononi mwa jeshi na kuwekwa chini ya serikali ya kiraia. Miaka ya 1930, Tume ya Ardhi ya Jaji Carter ilisema Wanubi ni wapangaji tu wa serikali, wanaokaa kwa hiari yake. Pasi ya shamba ikawa karatasi isiyomlinda mtu. Wanubi hawakukubali. Walishikilia, na bado wanashikilia, kwamba ardhi hii ndiyo iliyokuwa malipo ya utumishi wa babu zao, ambao hawakuwa na pensheni.

Baada ya uhuru wa Kenya hali haikubadilika upesi. Mitaa mipya ilijengwa juu ya ardhi ileile, ikiwemo Ayany, Olympic na Fort Jesus. Watu wa makabila yote walikuja kutafuta riziki, wakapanga vyumba, wakazaa watoto ambao nao hawajui kwao kwingine. Mpangaji na mwenye nyumba wote walijenga bila hati. Kijana wa Kinubi aliyekwenda kutafuta kitambulisho aliulizwa maswali ambayo mwenzake wa darasani hakuulizwa.

Mwezi wa Juni 2017 hatimaye hati ya ardhi ya jamii ilitolewa kwa Wanubi wa Kibera. Ilikuwa ya ekari 288. Mzee aliitaja hesabu hiyo bila hasira, kama mtu ahesabuye chenji dukani. "Ekari elfu nne na zaidi, zimebaki mia mbili themanini na nane. Lakini babu alikufa bila hata moja. Baba pia."

Nilimwuliza kama alifurahi. Akasema alikwenda kwanza makaburini, kule walikozikwa wazee, akasoma Fatiha, kisha akarudi nyumbani kula.

Jua lilipoanza kushuka nilimuaga. Mkewe alinifungia samaki aliyebaki katika gazeti, akanionyesha kawa aliyoimaliza wiki hiyo. Katikati ya rangi zote alikuwa amesuka ukingo wa buluu. Nilimwuliza kama ni bahari au ziwa. Akacheka. "Ni buluu tu, mwanangu. Uzi mwekundu ulikwisha."

Nilipanda mlima kurudi Makina nikiwaza juu ya daftari la New York na pasi ya shamba. Serikali inayohitaji askari hutoa ahadi upesi, na meli hupatikana upesi pia, hata kama ni lazima ziletwe kwa vipande. Kinachochelewa ni malipo. Wahenga walisema ahadi ni deni, na mwenye kudai hufa, lakini deni hurithiwa. Msomaji, siku moja ukipita Kibera na watoto wako, shuka Makina uwaonyeshe Kambi Muru. Waambie kwamba hapa, mbali na maji yote, waliishi watu waliokwenda vitani kwa meli, na wajukuu wao walingoja zaidi ya miaka 100 kupata karatasi moja.