Nani Anakutazama Ukiwa Chini?

 

Likizo hii wengi wenu mlishuka Pwani, na picha mmenitumia. Nimeziona zote. Samaki wa kila rangi, kasa, hata pweza aliyejibanza kwenye tundu lake. Nimefurahi pamoja nanyi. Lakini kuna mtu mmoja ambaye sijamwona kwenye picha hata moja, na leo nataka tumzungumzie.

Sikia. Kuna watu wanaopiga picha chini ya bahari bila mtungi wa hewa. Unavaa miwani ya kuzamia na mapezi ya mpira, unavuta pumzi moja, unazama na kamera. Hutoi mapovu wala kelele, kwa hiyo samaki hawakukimbii sana. Ukitulia, pono ataendelea kuguguna matumbawe yake mbele ya macho yako, na hata mkunga atachungulia kutoka kwenye mwamba. Ni jambo tamu sana.

Mwezi wa Desemba tulikuwa Watamu na familia. Wakati wa kaskazi maji ya pale hutulia na kuwa meupe, unaona mpaka mchanga. Hifadhi ile ya bahari iko tangu mwaka 1968, na hakuna ruhusa ya kuvua wala kuokota kombe humo. Mwanangu ndiye mpiga picha. Alipofundishwa kuzamia, kabla hata ya kugusa kamera, mwalimu wake alimpa sheria moja: mmoja chini, mmoja juu. Hamzami wote wawili kwa pamoja. Yeye alikuwa wa chini. Mimi ni mtu wa Pwani, kina kile nakifika bila shida, kwa hiyo nilikuwa wa juu.

Mpendwa, kazi ya mtu wa juu haina sifa. Unaelea kifudifudi, jua linakuchoma mgongo, na huruhusiwi kuangalia samaki. Unamwangalia mtu mmoja tu.

Kwa nini iwe hivyo? Hebu nikueleze. Ile hamu ya kupumua inayokubana kifuani haiji kwa sababu oksijeni imekwisha. Inaletwa na hewa chafu, kaboni dayoksaidi, inayojaa mwilini. Sasa kuna watu wanaohema harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa. Kumbe wanaiondoa ile kaboni, wanazima kengele yao wenyewe. Oksijeni inaisha na kengele haijalia. Mtu anazimia kimya kimya. Hapigi kelele wala hapungi mkono.

Na jambo hili halitokei sana kule chini. Hutokea mtu akiwa karibu kufika juu, au akiwa ameshafika. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo la maji ni maradufu ya lile la juu, na mapafu hubanwa mpaka nusu ya ukubwa wake. Shinikizo hilo husaidia oksijeni kuingia kwenye damu. Anapopanda, mapafu yanatanuka, shinikizo linashuka, na ile oksijeni kidogo iliyobaki haitoshi tena. Ndiyo maana mtu wa juu haondoi macho mwenzake anapotoa kichwa majini. Anaendelea kumtazama kwa sekunde 30 nzima. Akizimia, unamshika uso wake usiguse maji, unamvua miwani, unampulizia usoni na kumwita kwa jina lake.

Kwa jina lake, mpendwa.

Sasa weka kamera mkononi mwa mtu huyo. Chini kule rangi nyekundu humezwa na maji ndani ya mita chache tu, kila kitu kinageuka buluu, kwa hiyo lazima usogee karibu ndipo picha itoke. Ukisogea, samaki naye anasogea mbele. Hapo ndipo moyo unasema, moja tu zaidi. Siku ya tatu mwanangu alimwona ng'amba chini ya jiwe. Akanyoosha kamera, ng'amba akageuka akaondoka. Mimi juu nilikuwa nimejiandaa kumfuata. Kijana akamwacha aende, akapanda bila picha. Nilipomuuliza akaniambia, "Baba, yule naye ana mapafu kama sisi. Nikimfukuza namalizia pumzi yake na yangu." Nilimshukuru Mungu kwa kijana huyo kuliko ambavyo ningemshukuru kwa picha.

Nimewazika watu wengi na nimekaa na wafiwa wengi. Niliyoyaona majini nimeyaona pia nyumbani kwa watu. Mtu akiwa katikati ya shida, tunamzunguka. Tunakesha, tunachanga, tunapika. Siku akitoa kichwa juu ya maji, tunasema ameshapita, tunakwenda zetu. Wiki ya tatu baada ya mazishi, viti na hema vimerudishwa, simu haiiti tena. Aliyetoka hospitali anaonekana mzima. Aliyeacha pombe anaonekana ameshinda. Sisi tumeshageuka kuangalia samaki.

Mpendwa, kaa naye zile sekunde 30.

Na wewe unayezama, mwenye kipawa, mwenye nguvu, unayesema humhitaji mtu: kipawa hakiongezi pumzi. Kama leo hakuna anayejua uko kina gani, tafuta mtu umwambie.

Kwa hiyo leo usiniandikie Amina tu hapa chini. Funga simu kidogo, fikiria mtu mmoja ambaye kila mmoja anaamini ameshatoka salama. Kisha fungua, umpigie. Mwite kwa jina lake.

Bwana akubariki na akulinde wewe na nyumba yako. Jumapili tuonane.