Tulikwenda Edinburgh Wanakosomea Uchumi

Ukisikia mtoto wa jirani amekwenda Ulaya kusomea uchumi, unamwona wapi katika mawazo yako? Wengi wetu humwona moja kwa moja benki, amevaa suti, kiyoyozi kinampuliza. Sisi akina mama watatu wa mtaa mmoja, Dar es Salaam, tulipata nafasi ya kwenda kujionea mnamo Novemba 2025 katika mji wa Edinburgh, makao makuu ya Uskoti. Mmoja wetu ana binti anayesoma uchumi huko, mwaka wa pili. Mwingine alikuwa na barua mkobani ya kukubaliwa kusomea shahada ya uzamili ya biashara kwa mwaka mmoja, naye ana mume na watoto watatu, wa mwisho akiwa na miaka minne. Wa tatu alikuja kuwasindikiza wenzake na kubeba dagaa.

Jambo la kwanza lililotushangaza si baridi, maana baridi tuliambiwa. Ni giza. Mwishoni mwa Novemba jua la Edinburgh huzama kabla ya saa kumi jioni, wakati kwetu mama ndiyo kwanza anawaza mboga ya usiku. Binti alitupokea kituoni, akatuamkia, "Shikamoo mama, shikamooni mama zangu," kisha akatufunga skafu shingoni mmoja mmoja kana kwamba sisi ndio watoto. Mama yake alimtazama usoni muda mrefu. Alikuwa amepungua kidogo, lakini macho yalikuwa yale yale.

Mji wenyewe umejengwa kwa mawe ya rangi ya kijivu, juu ya vilima, na ngome kubwa imekaa juu ya mwamba katikati. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzishwa mwaka 1582. Hakina uzio wala geti kama tulivyozoea. Majengo yake yamechanganyika na maduka na nyumba za watu, na unaweza kupita katikati ya chuo ukienda kununua mkate bila kujua. Idara ya uchumi iko mtaa wa Buccleuch Place, na shule ya biashara iko jirani yake hapo hapo. Karibu na hapo ni George Square, na maktaba kuu ambayo taa zake tulizikuta zinawaka usiku, vijana wamejaa ndani kama vile kesho ni mtihani.

Katika chuo hiki ndiko alikosoma Mwalimu Julius Nyerere. Alifika mwaka 1949, akiwa ameshapita Makerere na kufundisha Tabora, akahitimu mwaka 1952. Watu wengi hudhani alikwenda kusomea siasa. Masomo yake yalikuwa mchanganyiko, yakiwemo uchumi, historia na falsafa ya maadili, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba fikra zake za siasa zilikomaa huku. Alimwacha nyumbani mama yake, na mchumba wake Maria, ambaye walifunga ndoa Januari 1953. Tulipokuwa tunatembea pale George Square, huku upepo unataka kutung'oa vilemba, tulimfikiria zaidi Bibi Maria kuliko Mwalimu. Miaka ile barua ilichukua majuma mengi. Sisi tulikuwa tunalalamika kwamba simu inakatika katika.

Sasa tuseme habari ya masomo yenyewe, maana wazazi wengi tunatoa fedha bila kuelewa tunanunua nini. Uchumi na biashara si kitu kimoja. Anayesomea biashara hufundishwa namna ya kuendesha shirika: masoko, fedha, uongozi wa wafanyakazi, hesabu za kampuni. Anayesomea uchumi hufundishwa kuuliza kwa nini: kwa nini bei ya mchele inapanda, kwa nini vijana hawana kazi, kodi ikiongezwa nani hasa anaumia. Binti alimwonyesha mama yake daftari la kazi za juma lile. Mama alitarajia kuona fedha; akaona herufi za Kigiriki kutoka juu ya ukurasa hadi chini. "Mwanangu, hii si hisabati?" aliuliza. "Mama, uchumi wa siku hizi ni hisabati," alijibu.

Mwenye mtoto sekondari alishike jambo hili. Anayetaka uchumi katika vyuo kama hiki ni lazima awe na hisabati nzuri ya kidato cha sita. Mtoto aliyesoma EGM ana njia fupi zaidi kuliko aliyesoma HGE, hata kama wote wawili wana somo la uchumi kwenye cheti. Vyuo vingine hudai kwanza mwaka mmoja wa maandalizi, na mwaka huo nao unalipiwa. Uskoti shahada ya kwanza huchukua miaka minne, si mitatu kama Uingereza kwa upande wa England, na katika chuo hiki ile ya uchumi huitwa MA. Tunalisema hili kwa sababu mjomba mmoja alianza kutangaza mtaani kwamba mtoto ameruka shahada ya kwanza. Hajaruka.

Gharama ni kubwa, tusidanganyane. Ada ya mgeni kwa masomo haya haipungui pauni 20,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 60, na kozi nyingi zinapita hapo mbali. Vijana wa Uskoti wenyewe hulipiwa ada ya shahada ya kwanza na serikali yao. Juu ya ada, mwombaji wa viza huonyesha benki fedha za kujikimu, zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi hadi miezi tisa, na hulipa pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya matibabu. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa masomo. Binti hufanya kazi kwenye mkahawa wa kahawa. Fedha hiyo inamnunulia chakula. Ada hailipiki kwa kumimina kahawa, na mzazi anayeambiwa na wakala kwamba mtoto atajilipia mwenyewe akifika, afunge mkoba wake.

Na kama lengo ni uhasibu, sisi tunaona mtu afikiri mara mbili kabla ya kuuza kiwanja. Cheti cha CPA cha nyumbani kinatolewa na bodi ya NBAA, na shahada ya nje peke yake haikifuti kitahiniwa hicho. Uchumi wa nadharia, takwimu na utafiti, hapo ndipo chuo kama hiki kinaweza kumpa mtoto kitu asichokipata kwa urahisi kwingine.

Siku ya tatu tuliongozana na mwenzetu mwenye barua kwenda kuuliza habari zake. Hapa ndipo safari yetu ilipobadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa kigeni anayekwenda Uingereza kwa shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani haruhusiwi tena kuja na mume au mke wala watoto. Walioachiwa ni wale wa shahada za utafiti, na waliolipiwa masomo na serikali. Ufadhili wa Chevening, ambao Watanzania wengi huuomba, unalipia masomo ya mwaka mmoja kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na humtaka arudi nyumbani kwa miaka miwili. Lakini haulipi nauli wala matunzo ya familia. Mwenzetu hakuwa na ufadhili wowote. Alikuwa na akiba yake ya miaka tisa, na mume ambaye alikwisha kusema, "Nenda, mama watoto, sisi tutajipanga." Alitaka kuja na yule mdogo. Haiwezekani. Alitoka nje, akasimama upande wa ukuta usio na upepo, wala sisi hatukumsemesha.

Ili kumtoa katika mawazo, binti alitupeleka kuona nyayo za Adam Smith, yule ambaye wachumi humwita baba wa fani yao. Kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa kilitoka mwaka 1776. Sanamu yake ya shaba imesimama tangu mwaka 2008 kwenye barabara kuu ya mji wa kale, nyuma yake kuna jembe la kukokotwa na mzinga wa nyuki. Hapo karibu kuna sanamu ya rafiki yake, mwanafalsafa David Hume, ambayo kidole cha mguu kinang'aa kwa kusuguliwa na wapita njia wanaotafuta bahati. Hatukukisugua.

Ukishuka na barabara hiyo hiyo unafika kanisa la Canongate. Makaburi yako uani, na Smith amelala hapo tangu mwaka 1790. Hatua chache tu, ndani ya kichochoro, iko nyumba aliyoishi miaka yake ya mwisho, Panmure House. Mlango ulikuwa umefungwa siku ile, tukaitazama kwa nje: nyumba ya mawe, madirisha madogo, wala si kasri.

Hapo binti akatusimulia jambo ambalo hatukulitegemea. Adam Smith alizaliwa mwaka 1723 katika mji mdogo wa Kirkcaldy, ng'ambo ya ghuba, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Alilelewa na mjane, mama yake, Margaret Douglas. Hakuoa. Alipokwenda kusoma Glasgow alikuwa na miaka 14. Sehemu kubwa ya kile kitabu aliiandika akiwa amerudi kukaa kwa mama yake Kirkcaldy. Alipohamia Edinburgh mwaka 1778 alimchukua mama, pamoja na binamu yake Janet Douglas aliyeisimamia nyumba. Mama alifariki mwaka 1784, mwenye miaka kama 90. Katika kitabu, Smith anaeleza kwamba mchinja nyama, mtengeneza pombe na mwoka mikate hawatupatii chakula kwa huruma bali kwa kutafuta faida yao. Mwandishi wa Sweden, Katrine Marçal, aliuliza mwaka 2012 katika kitabu chake: nani basi alikipika hicho chakula? Nyama haijipiki yenyewe. Tulicheka sana pale kichochoroni, mpaka mzee mmoja aliyepita na mbwa wake akatugeukia.

Nyumba hiyo siku hizi ni mali ya shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, chuo kingine cha mji huu, ambacho kwa miaka mingi kimefundisha shahada ya uzamili ya biashara kwa njia ya mbali, mtu akiwa nyumbani kwake. Mwenzetu mwenye barua aliposikia hivyo aliacha kucheka, akatoa kalamu. Sisi wawili hatukukubaliana juu ya jambo hili. Mmoja alisema asome akiwa Dar, watoto wakishalala. Mwingine akasema mama anayesoma watoto wakishalala hasomi, anasinzia juu ya kitabu, na kwamba mwaka mmoja wa upweke unamalizika kuliko miaka minne ya usingizi nusu. Mwenyewe alinyamaza.

Jioni ya mwisho tulipika katika jiko la hosteli, ambalo vijana sita wanalitumia pamoja na kila mmoja ana rafu yake ndani ya jokofu. Tulisonga ugali kwa unga wa mahindi wa duka la Kiafrika, tukaunga dagaa, tukachemsha maharage ya kugawa katika vibakuli ili binti awe anapasha moto akitoka kazini. Akiwa anamenya vitunguu alituambia habari ya mwanamke aliyemsoma darasani, Phyllis Deane. Huyu alisomea uchumi Glasgow, akahitimu mwaka 1940, na miaka ile ya arobaini akatumwa kupima pato la makoloni, likiwemo la Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya sasa. Alipofika vijijini aliona wanawake wanalima, wanatafuta kuni, wanatwanga na kupika, na akashikilia kwamba hesabu inayoziacha kazi hizo ni hesabu pungufu. Siku hizi mahindi unayolima kwa chakula cha nyumbani yanahesabiwa katika pato la taifa. Kuyapika, kufua na kulea bado havihesabiwi.

"Nyinyi mama zangu mmepika saa nne, watu watatu," alisema. "Mimi mkahawani nalipwa pauni 10 kwa saa, kima cha chini cha umri wangu mwaka huu wa 2025. Basi ni pauni 120. Na kwenye hesabu za taifa mmeandikiwa sifuri."

Mwenzetu mwenye barua akafuta mikono, akavuta kiti karibu naye, akamwomba amfanyie hesabu ya mwaka mzima wa mama mwenye watoto watatu, asiache kitu, hata kuamka usiku. Walikaa nayo mpaka saa tano, na sisi wengine tukaosha vyombo.