Malagarasi: Mto Unaotoa Habari Mapema

Ndugu msomaji, ukipanda gari moshi Tabora kwenda Kigoma, wafuata kwa karibu njia ya misafara ya zamani, toka Unyanyembe hata Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua kwamba mbele yao kuna mto wa kuheshimiwa, ndio Malagarasi. Mwaka 1858 Burton na Speke walivushwa kwa mitumbwi ya magome ya miti. Mwaka 1871 Stanley naye alilipa ushuru ndipo akavuka, na punda wake mmoja akachukuliwa na mamba. Siku zile msafara haukujua hali ya mto mpaka umefika ukingoni.

Je, sisi tunajua zaidi? Madaraja tunayo, lakini maji hayaogopi daraja. Upande wa mashariki wa njia hiyo hiyo, mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulifurika Kilosa ukaharibu reli, na safari za gari moshi kati ya Dar es Salaam na Tabora zikakatika.

Sasa tazama Malagarasi. Mto huu huanza katika vilima vya mpakani na Burundi. Kisha, pamoja na Moyowosi na Ugalla, hutandaa katika mabwawa mapana yenye maziwa ya Sagara na Nyamagoma. Mabwawa hayo hushika maji na kuyaachia polepole. Kwa hiyo maji yaliyopanda huko juu hayafiki Uvinza na Ilagala upesi. Ipo nafasi ya kuwaonya wavuvi na wakulima, mradi habari itangulie maji.

Habari hiyo hupatikana hivi. Ukingoni husimamishwa ubao wenye namba, na mtu huandika kila siku kimo cha maji. Mara kwa mara wataalamu hupima upana, kina na mwendo wa mto, wapate kujua ni meta ngapi za ujazo zinazopita kwa sekunde. Kompyuta za siku hizi hujifunza kwa vipimo vya miaka mingi, ndipo zikakadiria mafuriko yajayo. Pasipo vipimo, zinabahatisha.

Lakini namba zilizofungiwa kabatini hazimwonyi mtu. Mto haujui mpaka wa nchi. Ndiyo sababu mwaka 1999 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilihimiza mataifa yapeane vipimo vya mito, na huko Koblenz, Ujerumani, kiko kituo kinachovikusanya tangu 1988. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza pamoja Ziwa Tanganyika, ambako Malagarasi humwaga maji yake.

Nawe, msomaji, una kazi yako. Ukiuona ubao ule mtoni, usiufungie mtumbwi, wala usiung'oe kwa kuni. Namba ya leo asubuhi yaweza kuokoa shamba la jirani usiyemjua.