Nani Atashika Parsele

Jumapili, 12 Mei 2024

Barua ya kazi imefika: Bukavu, kuanzia tarehe 1 Julai. Furaha imedumu kikombe kimoja cha chai, kisha swali la parsele yetu hapa Uvira likaingia. Tangu Papa, baba yetu, afariki mimi ndiye ninayeishika: nyumba kubwa ya mbele kwa dola 120, anekse mbili za nyuma kwa dola 50 kila moja, choo cha nje kinachogombaniwa, na mwembe ambao kila mpangaji anaamini ni wake. Kwenye ramani Bukavu si mbali. Lakini kwa barabara ya Kamanyola na mlima wa Ngomo wakati wa mvua, nani atashuka mpaka Uvira kwa sababu ya bomba lililopasuka?

Jioni mdogo wangu amepiga simu kutoka Lexington, Kentucky. Kwake ni jambo dogo. "Yaya, tafuta kampuni." Nyumba anayopanga kule, mwenye nyumba hajawahi kumwona. Anaijua kampuni tu. Ndiyo inayopokea kodi, inatuma fundi, na inakata asilimia yake, ambayo Marekani mara nyingi huwa 8 hadi 12. Garanti aliyotoa, ile amana ya kuingilia nyumba, sheria ya kule inataka ikae kwenye akaunti ya peke yake, isichanganywe na hela nyingine. Nimemwuliza kampuni ya namna hiyo hapa Rugenge iko avenyi gani. Amecheka mpaka simu ikakatika.

Jumanne, 14 Mei

Leo nimepiga hesabu. Parsele nzima inaingiza dola 220 kwa mwezi, mwezi ambao wote wamelipa. Asilimia 10 ni dola 22. Kwa dola 22 mtu akabiliane na kaya tatu, fosi ya choo inayojaa, umeme wa SNEL na maneno ya majirani? Lexington nyumba moja inalipa kodi inayozidi parsele yangu yote mara kadhaa, kwa hiyo asilimia yao inalisha watu. Yangu hailishi hata mbuzi.

Ndiyo maana hapa kazi hii imebaki kwa makomisionere, madalali wetu wa nyumba. Komisionere hachukui asilimia ya kila mwezi, anachukua mwezi mzima mpangaji mpya anapoingia. Nimelala nikiliwaza hilo. Mwalimu wa nyumba ya mbele amekaa tangu 2019. Kwa muda wote huo komisionere hajaona faranga kwetu. Mwalimu akihama kesho, kuna dola 120 kwa kuzunguka na wateja wawili watatu juu ya pikipiki. Sisemi ni watu wabaya. Ninayemfahamu mimi ni mtu wa heshima zake. Ila mkate wake uko kwenye kuhama kwa watu, na wangu uko kwenye kukaa kwao. Siwezi kumpa funguo mtu ambaye mpangaji mzuri anamharibia biashara.

Nimemdokezea leo huyo ninayemfahamu kwamba natafuta mtu wa kushika parsele. Hata sijamaliza, ameshasema tupandishe garanti iwe miezi sita. Nimemkumbusha sheria ya 31 Desemba 2015, ile namba 15/025: kwa nyumba ya kuishi, garanti isizidi miezi mitatu. Akasema, "Mama, sheria iko Kinshasa." Basi.

Jumamosi, 18 Mei

Kikao cha familia kwa baba mdogo. Nilijua kitakavyokwenda kabla sijaketi. Baba mdogo ameanza na Papa alivyofyatua matofali kwa mikono yake, akaenda taratibu, akafika kwenye jina: mtoto wa kaka yetu, amemaliza chuo, hana kazi, analala umbali wa kutupa jiwe kutoka parsele. "Hela ibaki nyumbani."

Kijana ni mzuri, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Mwezi atakaochelewesha kodi kwa sababu mtoto wake ni mgonjwa, nitasema nini? Nikimwambia aache, sitakuwa nimemwachisha yeye tu; nitakuwa nimemtukana kaka, nimemdharau baba mdogo, na Krismasi tutakula ndagala kila mtu kwake. Watu wanauliza kama mtu ni mwaminifu. Mimi nauliza kwanza kama naweza kumfukuza. Ndugu huwezi kumfukuza, unaweza tu kugombana naye.

Sikuyasema hayo kikaoni. Nimesema nitafikiri. Dada yangu mkubwa, ambaye hupenda kunyamaza, amenikanyaga mguu chini ya meza, na najua ilikuwa kuniunga mkono.

Alhamisi, 23 Mei

Ziwa Tanganyika bado liko juu. Kule chini watu wametoka kwenye nyumba zao na magodoro kichwani, na bandari ya Kalundu imekuwa habari ya kila redio. Ng'ambo, Burundi, Gatumba inaogelea vilevile. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Lukuga kule Kalemie, na kila mzee hapa ana maelezo yake kuhusu mlango huo.

Kwa wenye parsele za juu kidogo, msiba huo umegeuka soko. Komisionere amenijia asubuhi mbio mbio: ana mtu wa shirika yuko tayari kwa dola 180 nyumba ya mbele, hela ya miezi mitatu mkononi, ila mwalimu aondoke mwisho wa mwezi. Nimemwuliza mwalimu amekosa nini. "Hajakosa kitu, mama. Bei imepanda." Kisha akaongeza kwamba kodi ya wa shirika hukatwa ile IRL, ushuru wa kodi za nyumba, na shirika lenyewe ndilo linaulipa kwa mkoa, kwa hiyo mimi sitasumbuliwa. Hilo la mwisho alilitaja kama zawadi.

Usiku ule wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipovunja kingo, ukabeba watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, mwalimu ndiye aliyevunja ukuta wa nyuma kwa nyundo maji yapite, akatoa watoto wa anekse dirishani. Hakuna aliyemtuma. Mtu wa namna hiyo simtoi kwa dola 60.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda kwenye ofisi niliyoelekezwa na mwenzangu wa kazini. Chumba kimoja juu ya duka la sementi. Yuko avoka kijana, yaani wakili, anayeitwa Metre na kila anayepita, mhasibu mmoja, na msichana mwenye daftari na pikipiki, ambaye nimegundua haraka ndiye anayefanya kazi. Wanashika nyumba za watu walioko Bujumbura, Ulaya na Marekani.

Mkataba wao ni kurasa tatu. Nimeomba niusome papo hapo na Metre hakupenda. Wanakata asilimia 15. Garanti inakaa kwao. Matengenezo ya chini ya dola 50 wanafanya bila kuuliza. Kodi inapita mikononi mwao, wanakata chao, kinachobaki wananitumia "baada ya hesabu". Nimeuliza hesabu huchukua muda gani. Mhasibu amemwangalia Metre, Metre ameangalia dirisha.

Nikauliza la noti. Kila mtu hapa anajua kadhia hiyo: noti ya dola yenye mpasuko wa milimita mbili, au yenye alama ya kalamu, haina mnunuzi. Mpangaji akileta noti ya 20 iliyochanika pembeni, hasara ya nani? Metre akasema mambo madogo hayo hayaandikwi. Msichana wa pikipiki akasema, bila kuinua macho kwenye daftari, "Yaandikwe. Mimi ndiye ninayerudishiwa." Nimempenda hapo hapo.

Jumapili, 2 Juni

Metre alikuwa amenipa namba za wenye nyumba watatu wa kumsifu. Sikuwapigia. Mwenye nyumba aliyeko Brussels anajua nini zaidi ya picha anazotumiwa? Baada ya misa nimekwenda kwenye parsele mbili wanazozishika nikaongea na wapangaji.

Ya kwanza, mama mmoja alikuwa anaanua nguo. Kodi wanakuja kuichukua tarehe mosi, jua halijatoka. Choo kilijaa mwezi wa tatu, wakaja kukimwaga mwezi wa tano. Akanionyesha kizingiti walichopiga sementi: kizuri, kimenyooka. "Wakifika wanafanya. Kufika ndiyo kazi."

Ya pili wamesema tofauti. Kufuli la geti liliharibika jioni, msichana akaja na fundi asubuhi. Mzee mmoja pale akaniambia maneno niliyotaka kuyasikia bila kujua: walipomdai mara mbili kodi ya Februari, alitoa risiti, wakaomba radhi. Risiti ilikuwa na namba, tarehe, na saini ya msichana. Nimeiomba nikaishika. Karatasi ya kaboni, nakala ya pili, wino wa buluu umefifia lakini unasomeka. Papa angeipenda risiti hiyo. Yake aliziandika nyuma ya kalenda.

Kwa hiyo si wezi. Ni wazito. Uzito una dawa, ukiwa umeandikwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerudi juu ya duka la sementi na karatasi yangu. Mambo yamesogea hivi.

Kodi haipiti kwao. Wapangaji wanalipa kwa M-Pesa kwenye namba ambayo ninaishika mimi na dada mkubwa, au taslimu kwa msichana kwa risiti, noti ikikataliwa irudi siku hiyo hiyo kwa aliyeitoa. Wao nawalipa mimi mwisho wa mwezi, asilimia 12, baada ya kupata ripoti. Metre alipinga sana. Alisema hakuna ofisi inayofanya hivyo. Nikamwambia, anayejikatia mwenyewe hana haraka ya kuniletea hesabu. Anayesubiri kulipwa ataileta. Akasema nahesabu kama mwanamke wa soko. Nimelipokea kama sifa.

Garanti inabaki kwetu, miezi mitatu, si zaidi. Matengenezo mpaka dola 20 wafanye. Zaidi ya hapo picha kwanza. Mpangaji haondolewi bila mimi kujua sababu, na mgogoro ukianza tunaanzia kwa shefu wa avenyi na ofisi ya makazi, Habitat, kabla ya kutajana mahakamani. Mpangaji mpya akiingia wanapata nusu mwezi, si mwezi mzima, na mwalimu akitimiza mwaka mwingine kwenye nyumba nawapa dola 30 juu. Kipengele hicho kilimfanya mhasibu aseme neno lake la kwanza tangu niwafahamu: "Hii haijawahi kutokea."

Na wakati wowote, kwa barua ya mwezi mmoja, naweza kuondoka. Wao pia. Hiyo nimeipigia mstari mara mbili.

Jioni nikaenda kwa baba mdogo na chupa mbili za Primus. Nimemwambia mtoto wa kaka ndiye atakayekuwa fundi wa parsele: bati, bomba, rangi, fosi, kila kazi na bei yake, analipwa akimaliza. Hela haitapita mkononi mwake, wala lawama ya kodi. Baba mdogo ametazama povu kwa muda mrefu. "Kwa hiyo umeleta wageni wamsimamie mjukuu wangu." Nimesema ndiyo, kwa sababu wageni wakikosea nitawaondoa na sisi tutaendelea kula pamoja. Hakukubali, ila chupa alifungua.

Jumatano, 19 Juni

Ukaguzi. Msichana amekuja na daftari jipya, tumepita chumba kwa chumba na mwalimu nyuma yetu, mikono mgongoni kama inspekta. Kila kitu kinaandikwa: vioo vinavyokosekana, swichi ya ukumbi inayotoa cheche, mlango wa anekse ya pili unaoburuza sakafu. Kwenye ukuta wa nyuma bado uko mstari wa tope wa 2020, juu kidogo ya goti langu. Nilikwisha kuupaka rangi, ukarudi. Msichana alipiga magoti akaupima kwa utepe, akaandika sentimita, akauliza maji yaliingia upande gani na yalitokea wapi. Mwalimu akamwonyesha tundu alilolivunja, ambalo hatujawahi kuliziba na hatutaliziba. Ameandika: "Lisizibwe." Metre na kurasa zake tatu hakuwahi kuuliza swali hilo.

Mwalimu aliponisindikiza getini aliuliza kama sasa amekuwa na bosi. Nimemwambia amepata mtu wa kumpigia simu choo kikijaa. Amesema tutaona.

Jumamosi, 29 Juni

Komisionere amenisalimia sokoni kwa ubaridi. Wa shirika amepata nyumba kwingine.

Mizigo iko mlangoni. Nimewapa ofisi funguo za geti tu. Za ndani wanazo wapangaji, na nakala ziko kwa dada mkubwa. Saa kumi ujumbe wa kwanza umeingia kutoka kwa msichana: picha ya fosi, kifuniko kimepasuka, mtoto wa kaka amesema dola 35 pamoja na sementi. Dakika mbili baadaye mtoto wa kaka naye akaandika kwamba ni 40. Nimewajibu wote wawili kwenye ujumbe mmoja: 35, na risiti ya sementi iwe na jina la duka.