Kiu Isiyozimwa kwa Lawama

Akina mama wenzetu, sisi tunaohudumia wodini na kuwatembelea wagonjwa wa kanisani tumezoea kusikia mke akilia: "Angenipenda, angeiacha pombe." Uchungu huo tunauelewa. Lakini tiba inayojaribiwa Marekani kwa wanajeshi wastaafu yatufundisha jambo.

Wengi wao walirudi kutoka Vietnam, Iraki na Afghanistani na majeraha yasiyoonekana: hofu, majinamizi, usiku bila usingizi. Pombe ikawa dawa ya kulalia, kisha ikawa bwana wao. Ulevi wa muda mrefu hubadili ubongo. Sehemu inayotamani hupata nguvu. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayomwambia mtu "basi, yatosha", hulegea.

Sehemu hiyo ndiyo inayoamshwa kwa sumaku. Njia hii ilionyeshwa mwaka 1985 na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho, bila nusukaputi wala kisu. Chombo huwekwa kichwani, naye husikia mlio wa ta-ta-ta na kuhisi kama anagongwagongwa. Hurudia hivyo mara nyingi, siku baada ya siku.

Mwaka 2008 Marekani iliidhinisha tiba hii kwa ugonjwa wa sonona, na mwaka 2020 kwa kuwasaidia wavutaji sigara kuacha. Kwa pombe bado inachunguzwa, nayo si ya kila mtu: baadhi ya wenye vyuma kichwani hawaruhusiwi, na mara chache huleta degedege.

Mama, sumaku hiyo haimfundishi mwanamume kumpenda mkewe. Yashughulika na ubongo uliougua. Basi kiu ya mumeo si kipimo cha thamani yako. Wala ugonjwa si ruhusa ya kukupiga. Ukiwa hatarini, ondoka na watoto, utafute msaada.

Tena tunakuonya kama wauguzi: anayekunywa sana kila siku usimfungie ndani aache ghafla. Aweza kutetemeka, kuweweseka, kushikwa na degedege, hata kufa. Mpeleke hospitali kwanza. Zipo dawa za kupunguza hamu, kama naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa walevi mwaka 1994. Mwulize daktari.

Tuombe, ndiyo. Lakini tusimwombee nyumbani mgonjwa anayepaswa kuwa wodini.