Kiatu cha Kukulia

Katika viungo vya mwili hakuna kilicho kitiifu kama mguu. Jicho likiingiwa na vumbi hulia, na tumbo likikosa chakula hunguruma. Lakini mguu hubebeshwa mwili mzima tangu alfajiri hata usiku, wala haudai ujira. Utii huu kwa mtu mzima ni sifa. Kwa mtoto mdogo ni hatari. Mtu mzima akibanwa na kiatu hukivua na kulalamika. Mtoto wa miaka mitatu au minne hukunja vidole vyake ndani ya kiatu, akaendelea kucheza. Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Bali mtoto yumo ndani ya adhabu yake naye hana habari kuwa ni adhabu. Kwa hiyo mzazi hana budi kujua kwa niaba yake.

Kitendaguro, kata ya Manispaa ya Bukoba, ni nchi ya migomba, mibuni na mvua nyingi. Mahali kama hapo kiatu si pambo tu. Mabuu ya minyoo ya safura hukaa katika udongo wenye unyevu, nayo hupenya ngozi ya mguu mtupu. Funza naye ni mgeni asiyetaka kuondoka: alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, akashuka Angola mwaka 1872, akafuata njia za misafara hata akafika kwenye maziwa makuu kabla karne ile haijaisha. Mtoto achezaye shambani bila viatu huwakaribisha adui hawa wawili, na miiba na vigae juu yao.

Lakini ngao isiyomfaa aibebaye humwangusha. Mguu wa mtu mzima una mifupa 26. Wa mtoto mchanga, sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni gegedu laini, na kukomaa kwake huchukua miaka ipatayo 18. Watu husema samaki mkunje angali mbichi, wakikusudia malezi mema. Kiatu kibaya nacho hufuata methali hiyohiyo kwa nia mbaya. Huko India, mwaka 1992, ulitangazwa uchunguzi wa watoto 2,300: nyayo bapa zilionekana kwa watoto 8.6 katika kila 100 waliozoea viatu, na kwa 2.8 tu katika wasiovaa. Basi kiatu kisifanywe sare ya saa zote. Ndani ya nyumba iliyofagiwa na juu ya mkeka, mguu wa mtoto uachwe huru, nje, uvikwe.

Taabu kubwa huja mwezi wa Januari. Tangu mwaka 2016 ada na michango ya lazima ilifutwa katika shule za msingi za serikali, lakini sare na viatu vimebaki juu ya mzazi. Fedha ya kahawa huingia katikati ya mwaka. Senene wa Novemba wamekwisha kuliwa au kuuzwa. Krismasi nayo imechukua haki yake. Hapo ndipo linapozaliwa shauri la kununua kiatu cha kukulia, kikubwa kwa namba mbili au tatu, ncha yake ikajazwa vitambaa. Shauri hili si la ujinga wala la ubahili. Ni hesabu ya mtu mwenye watoto wanne na fedha ya jozi mbili. Ila hesabu yenyewe ina kosa. Mguu wa mtoto wa miaka sita hukua karibu sentimita 1 kwa mwaka. Kiatu kikubwa mno hujikunja mahali pasipo pa kujikunja, kisigino husuguka kikatoa malengelenge, mtoto huburuta miguu na kujikwaa. Na soli huisha kabla mguu haujakifikia kiatu. Aliyenunua miaka miwili amepata mwaka mmoja, tena mbaya.

Dawa yake ni nyepesi na haina gharama. Nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, mbele ya kidole kirefu kuliko vyote cha mguu, hutosha kwa faraja ya leo na kwa ukuaji wa miezi mingi. Mtoto apimwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa matembezi. Apimwe akiwa amesimama, maana mguu hutanuka ukibeba uzito. Ipimwe miguu yote miwili, na mkubwa ndio ufuatwe. Mama aendaye sokoni peke yake huchukua kipimo cha ukambaa wa mgomba. Desturi hiyo ni njema, lakini ukambaa hujua urefu tu, haujui upana. Afadhali mguu uchorwe juu ya karatasi na picha yake ikatwe. Karatasi hiyo itiwe ndani ya kiatu, isiwekwe chini ya soli, kwa sababu soli huzidi nafasi ya ndani. Ikijikunja kando, kiatu ni chembamba.

Muuzaji atasema, “Kitapanuka, mama.” Ngozi hupanuka kidogo; plastiki haipanuki kamwe. Katika mitumba, kiatu kilicholika upande mmoja kiachwe, kwani kimekwisha kufundishwa mwendo wa mtoto mwingine. Kinachofaa ni kile kishikacho kisigino, kikunjikacho penye mashina ya vidole, kilicho kipana mbele, chenye kamba au gidamu ya kukazia. Baada ya kila miezi mitatu kidole gumba cha mzazi kirudi kuuliza kama nafasi ingalipo.

Mataifa tajiri nayo yalikosea. Kwa miaka mingi maduka ya viatu ya Ulaya na Marekani yalitumia mashine za eksirei kuonyesha mifupa ya miguu ya watoto ndani ya viatu, mpaka madhara ya mionzi yalipotambuliwa. Jimbo la Pennsylvania lilizipiga marufuku mwaka 1957. Mashine ile haikutoa jambo ambalo kidole gumba kisingeweza kulitoa.

Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia aliona viatu vipya vinamuumiza. Akaviacha, akakimbia marathoni miguu mitupu, akashinda. Mwaka 1964 mjini Tokyo alikimbia na viatu, akashinda tena. Yeye alikuwa na hiari ya kuvaa na kuvua. Mtoto wa darasa la kwanza hana hiari hiyo: huambiwa avae, naye hutii. Anayetoa amri ndiye mwenye deni la kupima.