Kadi Niliyoogopa Kuifomati

Kwa miaka mingi nilipiga picha za watu kwa malipo bila kuelewa kile kidude kidogo kinachozibeba. Harusi, ubatizo, kipaimara, mahafali ya darasa la saba: nilizunguka Morogoro na kamera yangu ya mtumba, watu wakanilipa na kuniita fundi. Mwanga nilijifunza, lenzi nikazizoea, hata kuwapanga mashangazi kumi wasiotaka kusimama pamoja niliweza. Memori kadi sikuwahi kujifunza. Niliichomeka, nikapiga, ikijaa nikahangaika.

Nilikuwa na hofu na neno moja kwenye menyu ya kamera, lile la kufomati. Niliamini kwamba ukilibonyeza tu, kila kilichomo kinaungua na hakuna mkono wa binadamu utakaokirudisha. Kwa hiyo nilifuta picha moja moja. Usiku wa kuamkia kazi nilikaa kitandani na kamera, nikitafuta nafasi ya kesho: hii futa, hii acha, hii iwekee alama ya ufunguo isije ikafutika. Picha za wateja zilikaa humo miezi, kazi mpya juu ya kazi ya zamani, kwa sababu kwangu kadi ndiyo ilikuwa kabati. Kuhamishia kwenye kompyuta niliona ni kazi ya wenye ofisi.

Hata ukubwa wa kadi sikuuelewa. Niliwahi kumrudia muuzaji nikiwa nimekasirika, kadi imeandikwa GB 32 na kompyuta inaonyesha 29.8. Nilimwambia amenipunja mbele ya wateja wake. Alinivumilia yule baba, na leo ningependa kumwomba radhi, maana hakuniibia kitu. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Kompyuta nyingi zinaihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Nafasi ni ile ile, ila vipimo ni viwili. Mwaka nilioanza kupiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, nilichanganyikiwa zaidi: kadi ya GB 16 iliyokuwa ikiniahidi picha kama 1,700 ikashuka hadi 600 hivi, nikadhani imeharibika. Kumbe picha moja ya RAW kwenye kamera ya megapikseli 24 inakula takriban MB 25, na JPEG inaweza kula hata chini ya 10. Na ile namba ya picha zilizobaki ambayo kamera inakuonyesha ni makadirio tu. Ukuta mtupu unakula nafasi kidogo. Umati wa watu waliovaa vitenge vya maua unakula kubwa.

Haya yote nilikuja kuyajua baada ya jubilei ya mzee mmoja na mkewe, waliotimiza miaka 50 ya ndoa. Nilipiga siku nzima. Kuna picha wanapanda ngazi za kanisa, mzee ameshika kiwiko cha mkewe, na mkewe anamwangalia miguu asije akajikwaa. Familia ilikuwa bado inachagua za albamu, nami kama kawaida yangu nikaziacha kwenye kadi. Haukupita muda mrefu mzee akafariki. Mwanawe akanipigia simu, wanataka picha ya kuweka mbele ya jeneza.

Nikachomeka kadi. Kamera ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Nikaitoa, nikaifuta kwa kanga, nikairudisha. Vile vile. Baadaye nilielezwa kwamba mtindo wangu wa kuichomoa taa ya kamera ikiwa bado inamweka, yaani ikiwa bado inaandika, ulitosha kuivuruga. Siku ile sikujua hilo. Nilikimbilia steshenari moja mjini, wakaichomeka kwenye kompyuta, kompyuta ikauliza kama iifomati, na kabla sijafungua mdomo aliyekuwa pale akakubali. Kadi ikafunguka, safi kabisa, haina kitu.

Magoti yaliniishia. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikilia, na sikuwa na cha kumwambia mjane.

Kijana mmoja aliyekuja kutoa kopi za karatasi zake, fundi wa simu, aliniuliza nina msiba gani. Nikamweleza. Akaniuliza, "Dada, umepiga picha nyingine humo baada ya kufomatiwa?" Nikasema hapana. "Basi usiiguse tena. Zimo."

Sikumwamini. Akanieleza kwa subira, akiwa amesimama, kopi zake mkononi. Kufomati kwa kawaida, alisema, ni kama kuchana daftari la mwenye ghala: orodha ya nini kiko wapi imepotea, lakini magunia bado yamepangwa kule ndani. Kamera ikiona daftari jipya lisilo na maandishi inasema ghala ni tupu, na picha inayofuata italazwa juu ya gunia la zamani. Hapo ndipo unapopoteza kweli. Kamera nyingine zina chaguo la kufomati kwa kina, linalochukua muda mrefu zaidi. Hilo linasafisha na magunia yenyewe. Yangu ilifomatiwa kwa haraka, na kwa rehema ya Mungu hakuna kilichoandikwa juu yake.

Akafungua laptopu yake barazani, akaweka PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Haisomi daftari; inapita kwenye kadi mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama zinazoanzisha faili la picha. Zilianza kurudi jioni. Majina yake yalikuwa yamepotea, kila moja inaitwa herufi f na msururu wa tarakimu. Nyingine zilirudi nusu, uso juu na chini rangi ya kijivu. Ile ya ngazi za kanisa ilirudi nzima.

Kijana alikataa hela. Nilimsihi, akakataa. Mjane nilimweleza yote, kwamba uzembe ulikuwa wangu na kwamba nyingine hazikurudi. Akaishika ile picha, akasema, "Mwanangu, nimemwona." Hakudai hata shilingi ya malipo ya awali. Sikustahili lolote kati ya hayo, na hadi leo nikikumbuka namshukuru Mungu kwa watu wale wawili.

Nilirudi kwa yule kijana baadaye kujifunza, nikiwa na kadi zangu zote kwenye kopo. Alizipima moja moja kwa programu inayoijaza kadi faili za majaribio kisha kuzisoma tena. Moja niliyoinunua kwa bei ya kutupa, imeandikwa GB 128, ilikuwa na GB 8 tu ndani yake. Wanaozighushi wanaibadilisha chipu inayoiendesha kadi ili iitangazie kamera ukubwa wa uongo. Kamera inaamini. Unapiga, majina ya picha yanaonekana, ila zilizopita ukubwa halisi hazifunguki. Nilikumbuka mahafali mawili ambayo nilikuwa nimeilaumu kamera.

Alinionyesha pia kwa nini kadi zangu za GB 32 zilikuwa zinanikatia video ndefu vipande vipande. Kadi za GB 32 hufomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haukubali faili moja lifikie GB 4. Kuanzia GB 64 kwenda juu ni exFAT, hauna kikwazo hicho. Ila kamera za zamani haziutambui, kwa hiyo soma kitabu cha kamera yako kabla hujanunua kadi kubwa.

Siku hizi nikitoka kazini, kabla sijala, nahamishia picha sehemu mbili: kompyuta na diski ya nje. Nafungua chache kuhakikisha zinafunguka. Ndipo naifomati kadi ndani ya kamera yenyewe, ili iandike daftari lake na folda la DCIM kama inavyolitaka. Nakumbuka kwamba ile alama ya ufunguo haizuii kufomati; inazuia kufuta tu. Na ninabonyeza bila kutetemeka.

Pengine unasoma haya na kadi iliyokugomea iko mkononi sasa hivi. Ukiulizwa kama uifomati, kataa kwanza. Kama imeshafomatiwa, usipige picha hata moja. Itoe, kama ina swichi ndogo ya pembeni ifunge isiandikwe tena, iweke kwenye bahasha, na umtafute mwenye kompyuta na PhotoRec. Unachookoa usikihifadhi kwenye kadi hiyo hiyo, kiweke kwingine.